Mfugaji wa Maji

Kufuga ni neno la nchi kavu. Kuku hufugwa, mbuzi hufugwa, ng'ombe hufugwa, na nyuki nao huwekewa mzinga. Lakini watu wa kisiwa cha Pemba, ambao bahari imewazunguka pande zote, hawana desturi ya kufuga kiumbe wa bahari ndani ya nyumba. Hata mwani, ambao wanawake wa pwani wanaufunga katika kamba na kuuvuna, husemwa kuwa hulimwa. Bahari kwao ni ghala isiyofungwa mlango; mwenye haja huiendea, na asiyeweza kwenda huwangoja pwani waliokwenda. Kwa hiyo ilipojulikana Wawi kuwa mwalimu mmoja mstaafu amenunua vipande vitano vya kioo kinene, ameviunga kwa gundi, na anakusudia kutia ndani yake maji ya chumvi kwa ajili ya mnyama asiyeliwa, asiyelia na asiyeonekana kutembea, majirani walidhani kuwa kustaafu kumemwelemea.

Wawi iko jirani na mji wa Chake Chake, katika nchi ya mikarafuu. Wakati wa mavuno, majamvi hutandazwa kila mahali penye jua, na harufu ya karafuu huingia hata katika nguo zilizofungiwa sandukuni. Ni mahali pa udongo mwekundu na kivuli, si mahali pa chumvi. Mtu akitafuta nyumba ya kuweka kipande cha bahari, hapana sababu ya kuichagua Wawi isipokuwa moja, kwamba ndiko nyumba yake iliko. Sababu hiyo ilimtosha Maalim, maana hilo ndilo jina aliloitwa na wakubwa kwa wadogo.

Anemoni ni mnyama mwenye sura ya ua, na sura hiyo imewadanganya wengi. Hana mifupa, hana macho, hana damu wala ubongo. Kiwiliwili chake ni mfano wa kifuko; chini ana wayo wa kushikia jiwe, juu ana mdomo mmoja utumikao kwa kuingiza chakula na kwa kutoa taka, na mdomo huo umezungukwa na minyiri mingi. Ni ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Katika ngozi ya minyiri yake mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa jicho, na katika kila kimoja umekunjwa uzi ambao hufyatuka na kuchoma pindi kiumbe mwingine agusapo. Mvuvi aliyeulizwa habari za mnyama huyu alijibu kuwa ni kile kinachonata na kuwasha, na yamkini hapana mtaalamu aliyemweleza kwa maneno machache zaidi. Anemoni wakubwa wa miamba ya nchi za joto wana siri nyingine. Ndani ya nyama yao hukaa mwani wa chembe moja moja, kwa idadi isiyohesabika, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Mnyama huyu basi ni mwindaji, na papo hapo ni shamba. Mwenye kutaka kumweka nyumbani hana budi kumpatia nyama na mwanga, na tena jambo la tatu lililo gumu kuliko hayo mawili: maji yasiyobadilika.

Jambo hilo la tatu Maalim alilijua kwa chaki, hakulijua kwa mkono. Alikuwa amefundisha elimu ya viumbe kwa miaka mingi, na mzunguko wa naitrojeni aliweza kuuchora ubaoni akiwa amewapa wanafunzi kisogo na kuwatazama. Walakini siku tangi lilipojaa maji, shauku ilimshinda. Alitia maji ya bahari safi, mchanga na mawe machache, akangoja siku nane, kisha akamtia anemoni wa kwanza. Siku ya tatu mdomo wa mnyama ulikuwa wazi na kulegea. Siku ya tano wayo uliachia jiwe, naye akawa anabiringishwa na mkondo wa pampu kama kitambaa. Usiku wake alikufa, na kabla ya asubuhi maji yote yalikuwa meupe kama tui, na konokono waliokuwamo wamekufa pamoja naye, kwa kuwa mwili wa anemoni huoza upesi na kuoza kwake ni sumu kwa jirani zake. Maalim aliyamwaga maji hayo kwa ndoo. Kilichomuumiza si kukosa ujuzi. Kilimuumiza kuwa katika maisha yake ya kazi alikuwa ametunga swali la mtihani juu ya jambo hilo hilo, na kuwakata alama watoto walioshindwa kulijibu.

Jibu la swali hilo ni hili. Kila kiumbe majini hutoa taka, na taka hugeuka amonia, ambayo huua. Baharini amonia huchukuliwa na wingi wa maji. Katika tangi huondolewa na bakteria wanaokaa juu ya mawe na mchanga: kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo mradi isilimbikizwe. Lakini bakteria hawa hawaji kwa kuitwa. Huhitaji majuma manne hata sita ili kuzaana kiasi cha kutosha, na hata baada ya hapo tangi bado ni changa kwa mnyama kama anemoni. Wafugaji wenye uzoefu hungoja nusu mwaka au zaidi. Katika muda huo mtu huwa na sanduku la kioo lililojaa maji na mawe, analipima, analifuta na kulilipia umeme, wala hana cha kumwonyesha mgeni. Hiyo ndiyo sehemu ya ufugaji huu ambayo haina sifa, nayo ndiyo iamuayo mengine yote.

Maalim alianza upya, na safari hii alingoja miezi minane. Katika kungoja alisoma habari za waliotangulia. Mwaka 1846 bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, aliwachukua matumbawe wadogo kutoka pwani ya Torquay mpaka London, mji usio na bahari karibu. Maji ya chumvi yalikuwa ghali kuyasafirisha, kwa hiyo ilimpasa ayatumie yale yale; na kwa kuwa alihisi kuwa maji yaliyotulia hufa, alimwamuru mtumishi wake wa kike ayamimine kutoka chombo hiki kwenda kile, mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku. Matumbawe waliishi. Jina la bibi limeandikwa katika vitabu. Jina la mtumishi, ambaye mikono yake ndiyo iliyokuwa pampu, halikuandikwa. Baada yake alikuja Philip Henry Gosse, ambaye kitabu chake juu ya matangi ya bahari kilitoka mwaka 1854, na watu wa Uingereza wakashikwa na wazimu wa kuwa na anemoni sebuleni. Walishuka pwani kwa vikapu na patasi, na wengi wa wanyama waliowabandua walikufa kwa kosa lile lile la Wawi, yaani haraka. Mwanawe Edmund alipoandika habari za babake mwaka 1907, alisikitika kuwa visima vya miambani alivyovijua utotoni vimekwisha kuchakurwa na kuachwa vitupu, na kuwa babake, mtu mpole aliyependa viumbe, ndiye aliyeifungua njia ya maangamizi hayo bila ya kukusudia.

Habari hii ilimkaa Maalim moyoni kuliko zote. Mtu anayeng'oa anemoni mmoja mwambani hasikii kuwa ameteka kitu, maana mwamba ni mkubwa na mnyama ni mmoja; na kila mmoja wa wale Waingereza alikuwa na mmoja wake. Upande wa pwani ya Kenya iko biashara ya samaki wa mapambo, ambao hukamatwa wakiwa hai na kupelekwa ng'ambo kwa ndege, na anemoni nao wamo katika biashara hiyo. Pemba ina miamba yake, na magharibi ya Chake Chake kiko kisiwa cha Misali, kilichofanywa hifadhi mwaka 1998, ambako sehemu ya mwamba imekatazwa kuguswa kabisa. Maalim aliazimia kuwa hatambandua anemoni mwambani, na kama njia nyingine haipo basi tangi litabaki la mawe.

Njia nyingine ilitokea kwa dema. Mvuvi mmoja alikuwa ameacha dema lake chini kwa siku nyingi, na alipolipandisha alikuta kuwa juu ya jiwe moja la kulizamishia amekaa anemoni, mpana kadiri ya kisahani cha chai, amejikunja kwa hofu. Desturi ilikuwa kulikwangua jiwe na kuendelea na kazi. Mvuvi huyo alikuwa mwanafunzi wa Maalim zamani. Alilitia jiwe zima katika ndoo ya maji ya bahari, akaifunika kwa kanga yenye maji, akaifikisha Wawi kabla ya adhuhuri.

Msomaji asiyewahi kuitunza bahari katika chumba hudhani kuwa kazi yake ni kulisha. Kulisha ni jambo dogo: kipande cha kamba au cha samaki kisichozidi ukucha wa kidole gumba, mara mbili kwa juma, na kisipoliwa kitolewe. Kazi yenyewe ni mnyororo wa sababu, na atakayeshika pete moja huzivuta zote. Tangi la Maalim lilikuwa na lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, kwa hiyo ndani ya kioo kile mlikuwa na chumvi ya kilo kumi na nusu. Anemoni hutaka mwanga mwingi, na taa yenye mwanga mwingi hutia joto. Joto la Wawi peke yake linatosha kuyafikisha maji mahali ambapo anemoni hana raha, naye hupenda nyuzi 25 hata 27. Ili kuyapoza, Maalim aliweka feni ndogo juu ya tangi. Upepo wa feni hupoza kwa kuyafanya maji yawe mvuke. Lakini mvuke hauchukui chumvi. Lita 15 zikipotea bila ya kurudishwa, kilo zile kumi na nusu zinabaki katika lita 285, na kila lita sasa ina karibu gramu 37. Jicho la mtu halioni tofauti, ulimi wake hauionji, lakini mnyama asiye na figo wala ngozi ngumu huipokea mwili mzima. Kwa hiyo kilichopotea hurudishwa kila asubuhi, nacho hurudishwa kwa maji matamu. Atakayeongeza maji ya chumvi huongeza balaa. Maji ya bomba huenda yametiwa dawa. Maji ya mvua ni mazuri, ila yale yaliyopita juu ya bati huweza kuchukua madini, na shaba hata ikiwa kidogo sana huua viumbe wa namna hii. Maalim alikinga mvua kwa karatasi ya nailoni iliyotandwa uwanjani, katika mapipa ya plastiki, na mkewe aliamrishwa asichote humo hata kwa udhu. Amri hiyo haikupokelewa kwa furaha.

Maji mapya ya bahari, yapatayo ndoo mbili, yalibadilishwa kila baada ya majuma mawili ili naitreti isikae. Hayakuchotwa katika hori ya Chake Chake, ambako mikoko na mito huyatia matope na kuyapunguza chumvi, bali mvuvi yule aliyachota nje, maji yakijaa, yatokapo katika mkondo wenye kina kirefu baina ya Pemba na bara. Alikataa malipo. Alisema kuwa ndoo ya maji ya bahari haijapata kuuzwa katika ukoo wao, na si yeye atakayeanza.

Anemoni alikaa juu ya jiwe lake siku kumi na moja, kisha akatembea. Anemoni hutembea kwa wayo, polepole kuliko konokono, akitafuta mahali penye mwanga na mkondo vinavyompendeza; na katika safari hiyo huweza kuingia katika mdomo wa pampu na kukatwa vipande. Maalim alikuwa ameufunika mdomo huo kwa sifongo. Mnyama alizunguka robo tatu ya tangi, akachagua ufa katika jiwe la kati, akakaa. Tangu hapo hakusogea, na kutosogea kwake ndiyo sifa kubwa ambayo mfugaji aweza kupewa. Kila baada ya siku chache alijikunja akawa kama ngumi, akatoa maji machafu aliyokuwa nayo tumboni, akajaza mengine na kufunguka. Mara ya kwanza kulishuhudia jambo hilo Maalim hakulala. Baadaye alijifunza kuwa anemoni aliyejikunja kwa saa chache anafanya usafi. Wa kuhofiwa ni yule abakiye amenywea siku baada ya siku, mdomo wazi na wayo umelegea.

Alikuwa na mjukuu wa kike, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye haja yake ilikuwa moja: samaki. Alikuwa amekwisha ona picha za wale samaki wadogo wakaao katika minyiri ya anemoni pasipo kuchomwa, kwa kuwa ute wa ngozi yao hauichokozi. Katika miamba ya Afrika Mashariki yuko mmoja mwenye rangi ya chungwa iliyofifia na mstari mweupe mgongoni. Samaki hupata maficho; anemoni hupata mlinzi wa kuwafukuza samaki wengine wanaomdonoa, na taka ya samaki huwa mbolea ya mwani uliomo mwilini mwake. Katika kila kundi mkubwa ni jike, naye akifa dume lake hugeuka kuwa jike. Msichana alipoambiwa hili alicheka siku nzima. Lakini Maalim hakumleta samaki. Anemoni huishi vema bila ya samaki huyo, na samaki mmoja ni taka zaidi katika maji ambayo hesabu yake imekwisha kutimia.

Mwezi wa Machi, ambapo bahari ya Pemba huwa na joto kuliko miezi mingine, mvuvi alikuja na shauri. Alisema kuwa mnyama sasa amenenepa na ingefaa arudishwe kwao. Shauri lilikuwa la haki, na Maalim alilitafakari. Mwaka 1998 bahari ya magharibi ya Hindi ilipata joto kupita kadiri, matumbawe yakautoa ule mwani wao na kubaki meupe, na mengi yakafa, Misali ikiwa mojawapo ya mahali palipopatwa. Joto la namna hiyo liliirudia dunia mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Nyuzi moja tu juu ya kilele cha kawaida, ikidumu majuma kadhaa, yatosha kuleta weupe huo, na anemoni hupatwa kama matumbawe. Maalim alimwomba mvuvi apime joto la maji huko nje. Lilikuwa nyuzi 30. Katika tangi, feni ikizunguka, lilikuwa 27. Sanduku lililojengwa kwa kuiga bahari lilikuwa limekuwa la baridi kuliko bahari yenyewe. Zaidi ya hayo, mnyama aliyekaa nyumbani miezi mingi, akilishwa kwa mkono, huweza kuchukua mwilini maradhi yasiyokuwako mwambani. Maalim alimweleza haya yote mwanafunzi wake wa zamani, naye alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, Maalim, ni mgeni au ni mfungwa?"

Maalim hakumjibu, na mpaka leo hajamjibu.

Umeme wa Pemba hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea mashine za dizeli. Lakini waya wa chini ya bahari hauzuii mti kuangukia waya wa juu, na usiku mmoja wa masika ndivyo ilivyokuwa. Saa tatu za usiku pampu ilinyamaza. Mchana hali ingekuwa nyepesi, kwa maana mwani huzaa oksijeni wakati wa jua. Usiku nao huivuta kama viumbe wengine, na maji yaliyosimama, tena ya joto, hayaibaki nayo kwa muda mrefu. Bakteria wa mawe huanza kukosa pumzi, nao wakifa amonia hurudi. Maalim alikaa kitako gizani, akakumbuka dirisha la London na mikono isiyo na jina. Akaenda jikoni, akatwaa kata.

Alichota maji juu ya tangi, akainua mkono, akamimina kwa uzi mwembamba ili hewa ichanganyike nayo, akachota tena. Mjukuu alikuja na taa.

"Babu, hata lini?"

"Hata umeme urudi, au hata alfajiri. Kimoja kitatangulia."

"Na ukisinzia?"

"Nikisinzia utaniamsha. Wewe ukisinzia nitakuacha ulale."

Walipokezana. Kadiri ya saa saba mkewe aliamka, akasimama mlangoni akiwatazama, kivuli cha mkono na kata kikipanda na kushuka ukutani.

"Watu huamka kwa ajili ya tahajudi," alisema, "nyinyi mmeamka kwa ajili ya kitu kisicholiwa."

Akarudi ndani. Baada ya kitambo alitoka tena na kata ya pili, akaiweka juu ya meza pasipo neno, akaketi upande wa pili wa tangi, akaanza kuchota.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili na nusu. Anemoni alikuwa amejikunja, mdogo kama limau, na hapana aliyeweza kusema kama anafanya usafi au anakufa. Maalim alimgusa kwa ncha ya kidole. Mnyiri mmoja ulinata. Saa nne alikuwa bado amefumba. Adhuhuri nusu ya minyiri ilikuwa nje. Na jua lilipogeuka alikuwa ameenea juu ya jiwe zima. Mjukuu, ambaye siku hiyo hakwenda skuli, aliweka pua yake juu ya kioo.

"Babu, sasa tumlete samaki wake?"

"Kwanza pima chumvi," alisema Maalim, "kisha nenda kaangalie kama nyanya yako ameyaacha maji yoyote ndani ya pipa."